Tovuti ya laki nne, au korosho kilo tatu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 24, naishi Newala. Nataka kuuza vitu vya kusini mtandaoni: korosho, ming'oko (vile viazi vya porini), ufuta, hata vinyago. Nina simujanja na shilingi 80,000 tu. Fundi anataka laki nne anitengenezee tovuti, na rafiki yangu wa Dar yuko tayari kunikopesha. Nikubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikope. Kuwa na tovuti bila mteja ni kama kufungua duka katikati ya mikorosho: zuri, ila nani apite?

Ming'oko na vinyago viweke kando kwanza. Anza na korosho zilizobanguliwa. Ghafi, zenye maganda, usiguse, hizo huuzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika, kwa stakabadhi ghalani: mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa risiti, kisha unauzwa. Ukizinunua uchochoroni kwa bakuli, hiyo ndiyo kangomba, na wanakamata. Nenda kwa akina mama wabanguaji, chukua kilo mbili, tatu. Hela inayobaki ni ya mifuko, bando na nauli ya mzigo.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Mtwara nilikaanga usiku, nikafungasha zikiwa za moto kwa kuwahi basi la alfajiri. Mfuko ukatoa jasho kwa ndani. Zilipofika Dar zilikuwa laini kama maharage ya jana! Nilirudisha hela, na nauli ikaniuma. Siku hizi nazitandaza kwenye sinia hadi zipoe kabisa, natafuna moja, isipolia "ka!" sifungashi. Kufunga natumia mshumaa na kipande cha msumeno: unakunjia mdomo wa mfuko kwenye msumeno, unaupitisha motoni haraka.

Duka lako ni WhatsApp Business. Ni bure, na ina mahali pa kupanga bidhaa na bei. Piga picha mchana, mlangoni, korosho zikiwa kwenye ungo. Bei iandike. Hawa wa "njoo inbox" mimi huwa nawapita tu.

Hela iingie kwanza, ndipo mzigo uende stendi. Asiyekujua atasita, ni haki yake. Kwa hiyo anza na mliosoma nao walioko Dar, na kila mzigo mtumie mteja picha ya risiti na namba ya kondakta.

Fundi mwambie asubiri. Na huyo rafiki yako, badala ya kukukopesha, mwuzie nusu kilo.