Ukiwa na neno na ndugu yako, mwendee

Sisi watu wa Tanga tuna kipaji cha kusema bila kusema. Mji uliolea taarab ya Black Star na Lucky Star, mji ambao mama akipita na kanga mpya majirani huisoma kwanza ndipo wamsalimie, hauwezi kukosa mafumbo. Taabu ni pale tunapoyabeba hadi kanisani. Mtu ana neno na mwenzake wa jumuiya, lakini hamwendei. Anangoja zamu yake ya kuomba: "Ee Bwana, wamo humu wanaokula fedha za kikundi, waguse." Macho yamefumbwa, ila kila mmoja anajua nani anaombewa. Siku hizi kuna na status ya WhatsApp, mstari wa Biblia uliochaguliwa kwa makusudi.

Nimekuwa mzee wa kanisa hapa Ngamiani muda wa kutosha, na sijapata kuona mtu aliyetubu kwa kupigwa fumbo. Nimeona walionuna, waliohamia usharika mwingine, na waliojibu kwa fumbo kali zaidi.

Huwa naambiwa, "Mbona nabii Nathani alimwendea Daudi kwa fumbo?" Ni kweli, kisa kimo katika 2 Samweli 12, cha tajiri aliyemchinja mwanakondoo wa maskini. Ila msome hadi mstari wa 7. Daudi alipowaka hasira, Nathani hakuaga akaenda zake. Alimwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo," na aliyeambiwa ni mfalme aliyekwisha kumuua Uria na kumtwaa mkewe. Na tena alimwendea mwenyewe.

Kwetu kulikuwa na kijana aliyeshika fedha za sare za kwaya. Pasaka ikakaribia, kitambaa hakijanunuliwa, maneno yakaanza. Kabla ya kumwendea nilipitia daftari la michango kwa macho yangu, maana nusu ya maonyo yetu ni uvumi uliovishwa Biblia. Nikajiuliza pia nakwenda kufanya nini. Katika Mathayo 18:15 Yesu anasema nduguyo akikusikia, umempata. Kama ningejiona nina hamu ya kumwona akitahayari, ningemwomba mzee mwingine aende.

Mahali nako kuna maana yake. Ofisi ya usharika ina dirisha, na dirisha halikosi watu. Barazani kwake pia hapana: nyumba zetu zimebanana, ukikohoa jirani anakupa pole. Ujumbe wa simu ndiyo kabisa usithubutu, utasomwa na ukoo mzima. Tulikwenda Raskazone jioni, tukatembea. Mkitembea hamlazimiki kutazamana, na mwenye aibu hupata pa kuyaweka macho.

Nilimwambia: "Mwanangu, daftari linaonyesha fedha ya sare ilikusanywa, na kitambaa sikioni. Nimeona nikuulize wewe kabla ya mtu mwingine. Imekuwaje?" Kisha nikanyamaza. Hapo ndipo pagumu, hasa kwetu wazee, mate ya kuhubiri yanakuwa yamejaa kinywani. Baada ya kitambo akasema mtoto wake aliugua, akazitumia kwa matibabu akitaraji kuzirudisha mwisho wa mwezi. Nilimpa pole, tukazungumza kuhusu hali ya mtoto. Halafu nikamwambia wazi kwamba fedha ya watu haichukuliwi kimyakimya hata kwa shida ya kweli, na kwamba wanakwaya wana haki ya kuambiwa. Tukapanga atalipaje, na nani atamsindikiza siku ya kuwaeleza.

Asiposikia, Mathayo anasema uchukue mmoja au wawili. Usichukue wapambe wako. Chukua mtu ambaye yeye anamheshimu.

Kwa aliyekuzidi umri, 1 Timotheo 5 inatuagiza tusimkemee mzee bali tumwonye kama baba, na wanawake wazee kama mama. Kwetu hilo linajulikana: shikamoo kwanza, uketi, umwulize habari za nyumbani, kisha useme, "Mama, kuna jambo naomba unisaidie kulielewa." Jambo lenyewe ulitaje lakini. Wengine huzungukazunguka kwa adabu mpaka chai inaisha, wanaondoka bila kulisema.

Mambo ya misuko, rangi za kucha na nani kakaa kiti cha nani, achaneni nayo.

Kuna makosa yasiyosubiri faragha. Petro alipojitenga na watu wa Mataifa, yaani waumini wasio Wayahudi, pale Antiokia, Paulo alimkabili mbele ya wote, kwa kuwa unafiki ulifanyika mbele ya wote na ulikwisha kuwavuta wengine, Barnaba akiwemo (Wagalatia 2). Na mtoto anayedhurika au mke anayepigwa si suala la kumalizwa na wazee ndani ya vestri, chumba cha ndani cha kanisa. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kwa mtoto, piga 116. Nimesikia Mathayo 18 ikitumiwa kumnyamazisha aliyeumizwa, na hilo linanichukiza kuliko mafumbo yote niliyoyataja.

Akisha kutubu, funga mdomo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba adhabu aliyokwisha kupata yule mwenzao aliyekosa inatosha, sasa wamfariji asije akamezwa na huzuni. Kijana wetu alilipa kidogokidogo, na bado anaimba. Fedha za kwaya sasa wanashika wawili, daftari linasomwa kila mwezi mbele ya wote. Utaratibu huo aliuleta yeye mwenyewe.