Barua kwa mwanangu: nazi ngapi kwa chupa ya uto

Mwanangu Zuhura,

Assalam aleikum. Sisi wa Ngamiani hapa Tanga hatujambo, ila goti la baba yako linamsumbua hii mvua. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza nazi ngapi zinatoa chupa moja ya uto, mafuta ya nazi ya kupaka, maana losheni unayopaka siku hizi inakumalizia mshahara na umeamua kubana matumizi.

Kama shida ni matumizi, nunua mafuta ya mgando. Nazi 10 zilizokomaa hazikufikishii lita moja, na bei ya nazi huko Dar unaijua mwenyewe. Bado mkaa, bado kukaa juu ya mbuzi mpaka kiuno kiume. Wodini nilikofanya kazi tuliwapaka mgando vichanga na wazee wasioweza kujigeuza kitandani. Kazi yake ni kuzuia unyevu usitoke kwenye ngozi, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Lakini hukuuliza mgando, umeuliza uto. Wewe!

Sijui kama unakumbuka siku ya kutembelewa, ulipokuwa kidato cha pili. Nilikuletea kichupa cha uto niliotia mrihani, kama anavyofanya bibi yako. Ukanirudishia mbele ya wenzako: "Mama, ondoka nacho, kinanuka jikoni." Nikarudi nacho kwenye basi nimekipakata. Baba yako alisema ni utoto, utapita. Ulikuwa utoto kweli, najua. Na bado nikikumbuka koo linanikaba.

Ninakuambia kwa sababu hukuijua miaka ile. Baada ya Vita vya Kagera, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilikuwa ya foleni, na foleni yenyewe unaweza kufika mbele ukaambiwa imekwisha. Tulifulia majani ya mpapai. Mche ukipatikana, bibi yako aliukata kwa uzi vipande vyembamba, kila mtu na chake. Lakini minazi ya Pangani haikuwa na foleni. Kila asubuhi alitupaka uto, magoti, viwiko, mpaka nyuma ya masikio, tukaenda shule tunang'aa kama watoto wa Idi. Sare ina viraka, ngozi inameremeta. Hakuna aliyetutazama akasema hawa wana dhiki. Bibi yako alikuwa hahesabu senti pale. Alikuwa anakataa wanawe waonekane wamesahauliwa. Ngozi haiuzwi dukani, alikuwa anasema, na mimi nimelichukua neno hilo kwake.

Kwa hiyo ulipoingia chuo ukaja likizo na makopo ya Kariakoo yasiyo na jina la aliyeyatengeneza, ukajisifu umepata matano kwa bei ya moja, mimi sikuona unafuu wowote. Niliona shingo imekuwa nyeupe na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Nimewaona wagonjwa wa mkorogo, ngozi imekuwa laini hata uzi wa mshono haushiki. Mengine yana zebaki, na zebaki inakwenda kwenye figo. Ulilia nilipoyamwaga, lakini leo ningeyamwaga tena. Ngozi haiuzwi dukani, Zuhura.

Ukaacha, alhamdulillahi. Ukaanza kazi, ukahamia kwenye hiyo ya bei ya kutisha. Hapo nami najibishana mwenyewe. Angalau imeandikwa kilichomo na nani kaitengeneza. Na pesa ni jasho lako. Mwanamke anayefanya kazi akijinunulia kitu kizuri, nani wa kumuuliza? Ila siku ulipoisahau bafuni kwetu nilisoma nyuma ya chupa, na cha kwanza kilichoandikwa ni maji. Maji, mwanangu, kwa bei ya gunia la mkaa! Haya, hukuniuliza hilo. Nimenyamaza.

Uto unapikwa hivi. Chagua nazi kavu, ukiitikisa usikie maji kidogo. Kuna, kamua tui zito tu, la pili lifanye wali. Liache usiku kucha, asubuhi uengue utando wa juu, uweke jikoni kwa moto mdogo. Usiondoke. Litachemka, litagawanyika, mashata, yale masalia ya tui, yatazama. Yakiwa rangi ya hudhurungi epua hapo hapo, yakiungua uto wote utanuka moshi. Chuja kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa kavu. Tone la maji likiingia unaharibika. Mrihani tia uto ukiwa bado na moto kidogo.

Nazi za Pangani bado ni nafuu kuliko za huko. Shangazi yako Mwanaidi anakuja Dar Alhamisi na basi la asubuhi, nimempa 20 akuletee. Mpokee wewe mwenyewe kituo cha mabasi cha Magufuli, usimtume bodaboda, ana mizigo. Na mwambie bosi wako Jumamosi una kazi ya jikoni.

Mama yako