Jibu: Mzee alipandikizwa moyo, kifua hakimuumi. Anjiografia ya nini?

Ndugu wa Nakuru, umeuliza kama kuna haja ya kumpeleka mzee anjiografia, yaani kupigwa picha ya mishipa ya moyo, kila mwaka, ilhali tangu apandikizwe moyo India hajalalamika kifua. Mpeleke. Kaka yangu hapa Kisumu naye alipandikizwa, huko Chennai, na mishipa ya moyo wake ilipoanza kuziba kifua hakikumuuma hata kidogo.

Moyo ukitolewa kwa mwenyewe, neva zake hukatwa, na mara nyingi hazirudi zote. Maumivu ambayo yangemshtua mtu mwingine huenda yeye asiyasikie. Kaka alikuwa anachoka tu, akipanda ngazi anatweta, jioni miguu imevimba. Kliniki ya kwanza walimpima presha na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wakasema yuko sawa. Nairobi ndiko walikopitisha mpira kwenye mshipa, wakapiga picha, ndipo tukajua.

Ugonjwa wenyewe si ule wa mafuta kuganda mahali pamoja. Kinga ya mwili huendelea kuupiga vita moyo wa mgeni polepole, na ukuta wa mshipa unanenepa kwa ndani, mzunguko mzima, hadi kwenye vimishipa vidogo kabisa. Stenti, kile kibomba cha kutanua mshipa, husaidia palipobana sehemu moja, lakini mshipa ukishabana urefu wote, haina la kufanya. Philip Blaiberg, aliyepandikizwa na daktari wa upasuaji Christiaan Barnard kule Cape Town Januari 1968, aliishi miezi 19 tu, na alipofariki mishipa ya moyo ule ilikutwa imeharibika vibaya. Hata siku hizi, takriban watu 3 kati ya 10 waliopandikizwa huwa na ugonjwa huu ifikapo miaka 5, na karibu nusu ifikapo 10. Ndiyo maana nakusihi msingoje dalili.

Kaka ameongezewa everolimasi na dozi ya takrolimasi ikapunguzwa; zote ni dawa za kutuliza kinga ya mwili isiukatae moyo. Statini, dawa ya kushusha kolesteroli, anameza hata kolesteroli ikiwa chini. Dawa ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, awe msibani au safarini. Jamaa wakileta miti shamba tunashukuru, lakini hanywi. Balungi pia hali, maana hupandisha takrolimasi kwenye damu.

Kabla ya anjiografia ombeni mzee apimwe figo. Takrolimasi huzichosha, na ile dawa ya picha, inayoingizwa mshipani ili mishipa ionekane, inaweza kuziumiza zaidi. Zikiwa dhaifu, daktari ajue mapema ili apunguze kiasi cha dawa hiyo ya picha na aone kama mzee aongezewe maji.