Kuingia Barrett na kumaliza: jibu kwa anayekwenda Arizona State

Ndugu yetu wa Mwanza amepata nafasi ya shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Arizona State, na ameletewa mwaliko wa kuomba pia Barrett, chuo cha honazi kilichomo ndani ya chuo kikuu hicho. Ameuliza mambo matatu: kama kazi ya honazi itaishusha GPA yake, yaani wastani wa alama zake, namna ya kuifikisha mwisho, na kama itamfaa chochote akirudi nyumbani. Mimi nilisoma hapo Tempe, mji wa Arizona kilipo chuo hicho, katika fani ya afya ya jamii, nikaingia Barrett tangu mwaka wa kwanza na kuhitimu Mei 2024. Nitajibu kwa yale niliyoyapitia, lakini nitangulize lile ninaloliona kubwa kuliko yote matatu: wengi wanaoingia wana akili za kutosha kumaliza, na wanaoishia njiani huishia kwa sababu tasnifu imewakuta mwaka wa nne hawana mada wala profesa anayewafahamu.

Kwa waliozoea utaratibu wa Kenya na Uganda, ambako shahada yenye honazi ya daraja la kwanza ni matokeo ya alama, ni vyema kufahamu kwamba Marekani honazi ni njia unayoiomba, unayoifuata kwa miaka yako yote ya masomo, na unayoweza kuiacha bila kupoteza shahada. Mwanafunzi mwenye alama za juu kabisa ambaye hakuandika tasnifu atapata shahada yake, tena pengine na zile sifa za Kilatini, kama cum laude, zinazotolewa kwa alama, lakini hatahitimu Barrett.

Mtindo huo una asili yake. Frank Aydelotte, Mmarekani aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, alipokuwa mkuu wa Swarthmore College huko Pennsylvania alianzisha mwaka 1922 utaratibu wa kuwatoa wanafunzi wenye bidii katika mihadhara ya kawaida na kuwaweka katika semina ndogo, ambamo walisoma, waliandika na kubishana kwa hoja, kisha mwishoni wakatahiniwa na watahini waliotoka nje ya chuo. Vyuo vikuu vikubwa vya umma vililichukua wazo hilo na kulipanua kwa namna zao, na Barrett, kilichoanzishwa mwaka 1988, ni tunda la upanuzi huo. Ninayataja haya kwa sababu yanaeleza unachokiomba hasa: katika chuo kikuu chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, unaomba kupata watu wachache watakaoyasoma maandishi yako kwa makini na kukujibu.

Nikija kwenye mzigo, wakati wangu anayeingia mwaka wa kwanza alitakiwa kukamilisha krediti 36 za honazi (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), na anayejiunga baadaye, akiwa amekwisha kusoma sehemu ya shahada, alitakiwa krediti 18. Watu hutishika kwa sababu hudhani krediti hizo 36 zinaongezwa juu ya 120 za shahada, wakati kwa kweli zinahesabiwa ndani yake. Unasoma masomo yaleyale uliyopaswa kuyasoma, ila baadhi yake unayasoma kwa namna ya honazi. Sharti la GPA lilikuwa kutoshuka chini ya 3.25, nami sikuona mtu aliyeshindwa kulifikia kwa sababu ya masomo ya honazi yenyewe. Niliowaona wakishuka walishuka kwa kemia na kalkulasi, masomo ambayo wangeyasoma hata kama wasingeingia Barrett.

Somo la kwanza la lazima linaitwa The Human Event, na linachukua mihula miwili. Mnaketi kuizunguka meza, mmesoma maandiko ya Mesopotamia, Ugiriki, India au China, na profesa hahutubu. Anauliza, kisha anasubiri. Sisi tuliopitia shule za serikali tumelelewa kunyamaza mwalimu anapozungumza, kunakili notisi na kujibu tukinyooshewa kidole, na malezi hayo yana heshima yake ambayo siidharau hata kidogo. Katika semina, hata hivyo, kuzungumza ni sehemu ya alama, na anayenyamaza wiki baada ya wiki hudhaniwa kuwa hakusoma. Kilichonisaidia ni kuingia darasani nikiwa na swali moja nililoliandika, lenye ukurasa wake kitabuni, na kulisema mapema kabla mazungumzo hayajashika kasi. Kila aliyekuwa mzito wa kusema alipewa nafasi zaidi mara tu alipoonyesha kwamba ameyasoma maandiko.

Insha nazo zinadai mabadiliko, na hapa ningependa ukae na kufikiri kabla hujasafiri. Mtihani wa kidato cha sita unatuzoesha kutoa hoja nyingi, kila moja katika aya yake, zikipangwa moja chini ya nyingine hadi hitimisho, na anayezitaja zote anapata alama zake. Semina inadai dai moja tu, lile ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulikataa, na kurasa zote zinazofuata zifanye kazi ya kulitetea dai hilo dhidi ya anayelikataa. Ni mazoezi magumu kwa miezi michache ya mwanzo. Ninaamini kwa dhati kwamba hakuna kitu kingine chuoni kilichonifundisha kufikiri kwa kiasi hicho, na ndiyo maana nasikitika ninapowaona vijana wetu wakiuacha mwaliko huo kwa hofu ya GPA.

Hilohilo lizingatie katika insha ya maombi. Usiijaze kwa habari za umaskini na umbali wa kutembea kwenda shule, hata kama ni za kweli, kwa maana hazimwelezi msomaji jinsi unavyofikiri. Chukua jambo moja ambalo limekusumbua akili, kwa mfano kwa nini samaki wa Ziwa Victoria anauzwa ghali Mwanza kwenyewe, na uonyeshe ulivyolichunguza na lilivyokukwaza.

Baada ya mwaka wa kwanza, krediti nyingi hupatikana kwa mkataba wa honazi: umo katika somo la kawaida, unakubaliana na mwalimu wake kazi ya ziada, mnaiandika na kuiwasilisha mapema katika muhula, na ukiikamilisha somo hilo linahesabiwa kuwa la honazi. Wengi huichukua mikataba hii kama namna ya kukusanya krediti tu, leo kazi ndogo kuhusu historia, kesho nyingine kuhusu lishe, na mwishoni wanakuwa na vipande visivyoshikana. Ushauri wangu ni kuitumia kwa makusudi mawili. Kusudi la kwanza ni kuizungukia mada moja. Mimi katika somo la afya ya mazingira niliandika mapitio ya tafiti kuhusu joto na wazee katika miji ya jangwani, na katika somo la takwimu nikaomba kuchambua data za joto hilohilo. Kazi zote mbili ziliingia baadaye katika tasnifu yangu. Kusudi la pili ni kumjua profesa. Mkataba unakupa sababu halali ya kumwendea saa anazopokea wanafunzi ofisini, kumwonyesha rasimu, na kuona kama ni mtu anayesoma kwa makini au anayepitisha macho tu. Msimamizi wangu wa tasnifu nilimpata hivyo, katika mwaka wa pili, na sikuwahi kulazimika kumwandikia mtu asiyenijua barua ya kumwomba anisimamie.

Tasnifu inahitaji msimamizi na walau msomaji wa pili, na inahesabiwa krediti 6 zinazogawanywa katika mihula miwili, mmoja wa utafiti na mwingine wa kuandika na kutetea. Phoenix imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Nilikuwa nikisali na baadhi yao, na mazungumzo yetu baada ya ibada yalirudi mara kwa mara kwenye joto: vituo vya basi visivyo na kivuli, bili za umeme za viyoyozi, bibi ambaye kule Bukavu alishinda nje siku nzima na sasa hawezi kutoka mlangoni. Nikaamua kuchunguza jinsi familia hizo zinavyojilinda wakati wa kiangazi. Kwa kuwa nilitaka kuwahoji watu, ilinibidi kupata kibali cha bodi ya maadili ya utafiti, nayo ilitaka maswali yote, fomu za ridhaa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na maelezo ya namna nitakavyotunza sauti na majina. Waliirudisha wakitaka marekebisho, nikarekebisha, nikasubiri tena.

Nilikuwa nimeanza hatua hizo katika muhula wa pili wa mwaka wa tatu, kwa hiyo kibali kilifika kabla ya Julai 2023, na kuanzia Juni 30 hadi Julai 30 Phoenix ilipitia siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika au kuvuka nyuzi 43.3 za Selsiasi. Niliwahoji watu wakati joto lenyewe liko mlangoni. Mama mmoja alinionyesha taulo lenye maji alilolitundika dirishani tangu alfajiri. Mwingine alinieleza saa anazozima kiyoyozi ili bili isizidi, na kwa nini alichagua saa hizo. Aliyeanza kutafuta mada Septemba, kama walivyofanya wenzangu kadhaa, angeambulia kumbukumbu za Julai, na baadhi yao hawakuambulia hata hizo, kwani kibali kilipotoka muhula wa kwanza ulikuwa umekwisha. Ndio hao niliowataja pale mwanzo.

Uandishi wenyewe sitauelezea kwa kirefu. Ni kukaa na kuandika, na kukubali kwamba msimamizi atakurudishia sura nzima. Utetezi hufanyika wiki kadhaa kabla ya mahafali, na ni mazungumzo ya wasomaji wako juu ya kazi wanayoijua vizuri. Swali lililonishughulisha zaidi lilitoka kwa msomaji wa pili, aliyetoka fani nyingine kabisa: aliuliza nimejuaje kwamba ninachokiona ni tabia ya wakimbizi na si tabia ya watu wa kipato cha chini kwa jumla. Nilimjibu kwa data niliyokuwa nayo, tukajadiliana, na aya mbili nilizoongeza baada ya siku ile ndizo ninazozipenda kuliko zote katika kazi hiyo, ambayo sasa imehifadhiwa katika hazina ya kidijitali ya chuo kikuu.

Kuhusu fedha na viza, angalia mambo haya kabla ya kusema ndiyo. Barrett hutoza ada yake kila muhula juu ya ada ya kawaida, kwa hiyo mwulize mfadhili wako kwa maandishi kama ataibeba. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hutakiwa kusajili krediti zisizopungua 12 kwa muhula, na kazi ya ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Nilifanya kazi maktaba kwa saa hizo zote hadi mwaka wa tatu, kisha nikazipunguza kwa ajili ya tasnifu, na ilinilazimu kuweka akiba tangu mapema ili nimudu kipato kilichopungua. Likizo ya kiangazi inaruhusu kazi ya saa nyingi zaidi chuoni, na hiyo ndiyo nafasi ya kuweka akiba.

Kuhusu swali la nyumbani nitakuwa mkweli. Cheti chako utakipeleka TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, kitambuliwe kama shahada nyingine yoyote iliyotoka nje, na waajiri niliokutana nao Dar es Salaam hawakuuliza habari za honazi. Faida imeonekana kwingine. Nilipoomba shahada ya uzamili, msimamizi wangu aliandika barua ya mtu aliyesoma kazi yangu sura kwa sura kwa zaidi ya mwaka mmoja, na nilipoombwa mfano wa maandishi nilituma sura ya tatu. Usaili wote ulihusu sura hiyo: nilivyowapata watu wa kuhoji, nilivyoziweka siri zao, ningefanya nini kama ningekuwa na mwaka mwingine. Mkoa wa Dodoma nao una joto na ukame, na hivi sasa ninaandaa utafiti huko kwa maswali yaleyale niliyoyaanza Phoenix, nikitumia fomu ya ridhaa ya Kiswahili niliyoiandika nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu.