Wakatoliki wa Marekani sio Democrat siku zote

Hapana mkuu, hiyo unayosema ya kwamba Mkatoliki wa Marekani lazima ampigie mgombea wa chama cha Democrat ilikuwa zamani. Mwaka 1960 kweli John Kennedy, Mkatoliki aliyegombea urais kwa Democrat, alizoa karibu asilimia 78 ya kura zao kwa hesabu za Gallup, kampuni ya kura za maoni, lakini 2004 John Kerry wa Democrat, Mkatoliki mwenzao kabisa, akazidiwa kwa kura za Wakatoliki na George W. Bush wa chama cha Republican ambae ni Mmethodisti, kama asilimia 52 kwa 47 hivi. Mimi nafundisha historia sekondari huku Bagamoyo na kila mwaka wanafunzi wanabisha hapo hapo, wanadhani watu wa parokia moja lazima wapige kura moja, wakati hata hapa kwetu wanatoka misa pamoja afu nje wanabishana siasa mpaka mwenye kahawa anafunga birika zake.

Kilichobadilika ni maisha yao. Wazee wao walikuwa wahamiaji, Waayalandi, Waitaliano, Wapolandi, vibarua wa viwandani wenye vyama vya wafanyakazi, na Democrat ndo walikuwa wanawatetea, sasa watoto wakasoma wakapata hela wakahamia nje ya miji, na baada ya hukumu ya Roe ya 1973, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu utoaji mimba nchi nzima, suala hilo likawavuta wengi upande wa Republican. Wenye asili ya Amerika ya Kilatini wao walibaki zaidi kwa Democrat, ingawa 2024 Trump aliwamega sana.

Ila hizo asilimia zinatokana na kuwauliza watu tu, karatasi ya kura haiulizi dini.