Maswali ya Wasomaji: Kuonja Stauti Iliyohifadhiwa

SWALI: Nilipika stauti (bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa) nzito yenye kileo asilimia 10, nikaihifadhi kwenye chumba cha chini ya nyumba hapa Minnesota, Marekani. Sasa imetimiza mwaka. Nitajuaje kama imeiva au imeanza kuharibika? Chupa ya kwanza ilinukia kama mchuzi wa soya.

JIBU: Ionje ikiwa na nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi. Ikitoka moja kwa moja kwenye friji, baridi huficha harufu, na harufu ndiyo itakayokupa jibu. Simamisha chupa siku mbili kabla ili mashapo yatulie, kisha mimina taratibu bila kusita, ukiacha bia ya mwisho, kiasi cha upana wa kidole kimoja, ndani ya chupa. Nusa, onja, subiri dakika kumi, onja tena.

Harufu ya zabibu kavu, tende au asali ni ya kufurahia: oksijeni kidogo imefanya kazi yake polepole. Harufu ya karatasi iliyolowa ni habari nyingine. Hapo oksijeni iliingia kwa wingi wakati wa kujaza chupa, na kuisubirisha zaidi hakutaisaidia. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, hupungua, makali ya shayiri iliyokaangwa hulainika. Kahawa hufifia mapema mno, kwa hiyo stauti ya kahawa inyweni ikiwa changa.

Harufu ya soya hutokana zaidi na hamira iliyokufa, ikapasuka na kumwaga yaliyomo ndani yake. Joto huharakisha jambo hilo. Je, chupa zimekaa karibu na tanuru la kupashia nyumba joto? Zihamishie penye nyuzi 10 hadi 13. Fungua mbili zaidi. Zikinukia vilevile, msizihifadhi tena, zinyweni. Upishi ujao, acha bia itulie hadi iwe safi, uihamishe bila kuzoa mashapo, ndipo ujaze chupa.

SWALI: Baadhi ya chupa hazina gesi kabisa, moja ilifoka hadi sakafuni. Kwa nini?

JIBU: Zisizo na gesi, hamira ilishachoshwa na kileo. Bia ya nguvu hiyo huhitaji hamira mpya kidogo siku ya kujaza, pamoja na sukari gramu 5 kwa lita. Iliyofoka, ionje: ikiwa na uchachu au nyepesi kuliko kawaida, vijidudu au hamira pori (iliyoingia yenyewe, hukuiweka wewe) wanakula sukari iliyobaki. Vaa miwani ya kinga na glavu nene, weka chupa zote za upishi huo kwenye friji leo hii, kwani zinaweza kupasuka.