Kona ya Ngumi: mikanda ya Pacquiao na maswali yenu ya uzito

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba Manny Pacquiao wa Ufilipino ndo bondia pekee kwenye historia aliyechukua ubingwa wa dunia katika madaraja nane ya uzito. Maswali yakamiminika. Nimechagua manne, na la mwisho nawaomba msiliruke hata kama nyie sio mabondia.

SWALI: Kocha, mimi na rafiki zangu tunabishana karibu kila siku. Mmoja anasema hiyo nane ni hesabu ya kupika, eti mikanda mingine sio ya kweli na mapambano mengine yalikuwa ya uzito wa makubaliano, yani uzito ambao pande mbili zinapangiana badala ya kikomo cha daraja. Tuamue.

Rafiki yenu ana hoja, ila hajaifikisha mwisho. Tuhesabu wote, kutoka daraja la chini kwenda juu. Desemba 1998 huko Thailand alimpiga Chatchai Sasakul KO, yani alimwangusha asiinuke, raundi ya 8 akachukua mkanda wa flai, kikomo kilo 50.8, wa WBC, moja ya mashirika makubwa ya ngumi. Juni 2001 Las Vegas akamsimamisha Lehlohonolo Ledwaba wa Afrika Kusini, yani refa akakatisha pambano, raundi ya 6, mkanda wa IBF wa supabantam. Novemba 2003 akamvunja Marco Antonio Barrera kwenye uzito wa unyoya, Machi 2008 akamshinda Juan Manuel Marquez kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika, akapata WBC ya supaunyoya, Juni mwaka huo huo akampiga David Diaz akapata WBC ya uzito mwepesi. Mei 2009 ni Ricky Hatton, raundi 2 tu, supalaiti. Novemba 2009 Miguel Cotto, WBO ya welta. Na Novemba 2010 Antonio Margarito, WBC ya supawelta, kilo 69.85. Hizo ni nane.

Sasa hoja ya rafiki yenu inaingia hapa. Ukisema unahesabu mashirika makubwa manne tu, yani WBA, WBC, IBF na WBO, basi unabaki na madaraja sita, maana kwa Barrera hakukuwa na mkanda wa shirika lolote kati ya hayo, alichochukua ni ubingwa unaotambuliwa na jarida la The Ring, na kwa Hatton ulikuwepo wa The Ring pamoja na wa IBO, shirika dogo. Ila hebu jiulize, mwaka 2003 kwenye uzito wa unyoya nani alikuwa anaonekana ndo mwenyewe? Barrera. Na supalaiti mwaka 2009 je? Hatton. Yani yale mawili ambayo kwenye makaratasi yanaonekana dhaifu ndo aliyomchukulia mtu aliyekuwa juu ya wote, wakati ule mkanda wa supawelta ambao kwenye makaratasi uko sawasawa kabisa ulikuwa wazi, hauna bingwa, na uzito ukapangwa wa makubaliano, mwisho kilo 68. Cotto naye aliombwa ashuke mpaka kilo 65.8, chini ya kikomo cha welta. Hapo rafiki yenu yuko sahihi, na mimi huwa sipendi mkanda wa dunia upiganiwe kwa uzito wa kupangiana, awe Pacquiao awe nani.

Kwa hiyo uamuzi wangu: nane ni ya kweli, ila sio zote zina thamani sawa. Mkinilazimisha nichague moja tu nitachukua ya Barrera.

SWALI: Mtu anatoka kilo 50 anafika karibu 70 na bado anaangusha watu. Nguvu inapandaje na mwili hivyo? Mimi nilidhani ukipanda uzito unakutana na watu wanaokupiga zaidi.

Ni kweli unakutana nao. Ila watu wengi wanaanza hadithi ya Pacquiao pale alipokuwa juu tayari, mimi naomba tuanzie chini kwa sababu jibu liko kule. Huyu kijana aliingia ngumi za kulipwa Januari 1995 akiwa na miaka 16, mwepesi kiasi kwamba alikuja kusema mwenyewe aliweka vitu vizito mfukoni ili mizani isome vizuri. Alafu mwili ukaanza kukua kama mwili wa kijana yeyote, lakini yeye bado anaulazimisha ukae pale pale chini. Mwaka 1996 alishindwa kufikia uzito kwenye pambano na Rustico Torrecampo, akaadhibiwa kwa kuvalishwa glovu nzito zaidi, akapigwa KO raundi ya 3. Septemba 1999 akaenda kutetea mkanda wake wa flai dhidi ya Medgoen Singsurat huko huko Thailand, mizani ikamkataa, ubingwa ukaondoka kabla hata ngumi moja haijarushwa, na kesho yake ulingoni akapigwa ngumi ya tumbo raundi ya 3 akashindwa kuinuka. Bingwa wa dunia, miaka 20, anaangushwa na ngumi ya tumbo! Mtu aliyewahi kukaa kona anajua maana yake, tumbo lililokauka halibebi ngumi.

Alichofanya baada ya hapo ndo kitu ninachowaambia vijana kila siku. Hakurudi kupambana na ile kilo 50.8. Aliruka supaflai, akaruka bantam, akatua supabantam, kilo 55.3, na pale ndo dunia ikamwona, maana lile pambano na Ledwaba alilipata kama mbadala, taarifa ya wiki mbili tu, ndo kwanza amekutana na kocha Freddie Roach, na bado alimpiga bingwa kuanzia raundi ya kwanza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kwa macho yangu hakuongezewa nguvu. Aliacha kuipoteza kwenye mizani.

La pili ni kasi, na miguu. Mtu mkubwa anakupiga zaidi kama umesimama mbele yake, na Pacquiao alikuwa hasimami, anaingia na ngumi nne tano anatokea upande mwingine, wewe unageuka kumtafuta, ngumi nyingine inakukuta unageuka. Anatumia kushoto, na miaka ya mwanzo ilikuwa ni kushoto tu, Erik Morales akamsoma akamshinda kwa pointi Machi 2005. Roach akaenda kumjenga mkono wa kulia, na mwaka 2006 Morales huyo huyo alipigwa KO mara mbili, ya Januari raundi ya 10, ya Novemba raundi ya 3. Bila ule mkono wa kulia sidhani kama angefika welta.

La tatu linamhusu mpinzani. Desemba 2008 alipopigana na Oscar De La Hoya watu waliona ni mauaji, mkubwa na mdogo, maana Pacquiao mwaka ule ule Machi alikuwa kilo 59 na De La Hoya alishawahi kushika ubingwa wa uzito wa kati. Lakini De La Hoya ndo alikuwa ameshuka mpaka welta, sehemu ambayo hakuwa amepigana tangu 2001, akajikausha kupita kiasi, na usiku wa pambano mdogo alikuwa ameshakula na kunywa na kuwa mzito kidogo kuliko mkubwa! Raundi ya 8 ilipoisha De La Hoya akabaki kwenye kiti chake. Pambano lile halikuwa na mkanda ila kwangu ndo somo kubwa kuliko yote nane, nenda kaliangalie tena, usiangalie ngumi, angalia miguu ya De La Hoya kuanzia raundi ya 3.

Ila pia tusidanganyane kuhusu nguvu. Baada ya kumsimamisha Cotto raundi ya 12 mwaka 2009, Pacquiao hakumsimamisha mtu mwingine mpaka Lucas Matthysse Julai 2018. Karibu miaka tisa. Alishinda nyingi katikati, kwa pointi. Na kwa Margarito ilikuwaje: kwenye mizani Pacquiao hata hakufika kilo 66, usiku wa pambano Margarito aliripotiwa kuwa na karibu kilo 75, tofauti ya kilo nane hivi, urefu nao unamzidi kichwa kizima. Pacquiao alishinda raundi karibu zote, akamvunja mfupa wa jicho, mpaka raundi ya 11 akawa anamwangalia refa kama anamwambia baba simamisha hii kitu. Lakini yeye mwenyewe alipigwa mbavuni akaumia, akasema wazi baada ya pambano. Na hakurudi tena supawelta. Kwa hiyo kikomo kipo, alikigusa akajua, akarudi welta, na huko huko Julai 2019 akamshinda Keith Thurman, yeye Pacquiao akiwa na miaka 40.

SWALI: Mbali na Pacquiao, nani mwingine unamheshimu kwa kupanda uzito?

Henry Armstrong, bila kufikiri mara mbili. Kati ya Oktoba 1937 na Agosti 1938 alichukua unyoya, welta na uzito mwepesi, na akaishika yote mitatu kwa wakati mmoja, enzi ambazo madaraja makuu yalikuwa nane na mara nyingi bingwa ni mmoja mmoja. Leo madaraja ni 17 au 18, inategemea shirika, na kila shirika lina bingwa wake, nafasi ni nyingi mno. Roberto Duran naye, uzito mwepesi 1972, alafu 1989 anamshinda Iran Barkley anakuwa bingwa wa uzito wa kati. Na Terence Crawford Septemba 2025 aliruka madaraja mawili kwa mpigo kwenda kumshinda Canelo Alvarez.

Roy Jones Jr namheshimu pia ila kwa huzuni. Machi 2003 alimshinda John Ruiz akapata mkanda wa WBA wa uzito wa juu, yeye aliyeanza ubingwa kwenye uzito wa kati. Kazi nzuri sana. Kisha akaamua kurudi chini kilo 79, kuuvua ule mwili alioujenga, na Mei 2004 Antonio Tarver akampiga KO raundi ya 2, Septemba Glen Johnson akamwangusha raundi ya 9. Mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa amepoteza pambano moja tu, nalo kwa kuondolewa na refa. Umri ulikuwepo, miaka 35, lakini mimi siwezi kuitoa ile safari ya kushuka kwenye lawama. Kupanda kunakuonyesha kikomo chako taratibu. Kushuka kunakula akiba ambayo huioni.

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mama, mwanangu ana miaka 19 ana kilo 61, ni mrefu. Mwalimu wake anataka apigane kilo 55 eti huko atawazidi wote urefu. Wiki ya pambano hanywi maji, anakimbia na nguo za plastiki, anatema mate kwenye kopo, juzi alianguka bafuni. Naambiwa ndo ngumi zilivyo. Ni kweli?

Marahaba mama. Sio kweli, na umefanya vizuri sana kuuliza.

Kupunguza uzito kidogo kabla ya kupima ni kawaida, karibu kila bondia anafanya. Lakini kilo sita kwa mtoto wa kilo 61 ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na kama anazitoa wiki ya mwisho basi hayo sio mafuta mama, ni maji. Damu inakuwa nzito, moyo unafanya kazi ya ziada, figo zinaumia, joto la mwili linapanda na jasho la kulipoza halipo. Alafu mtu huyo huyo kesho yake anaenda kupigwa kichwani. Kwenye ngumi za kulipwa uzito hupimwa siku moja kabla, na kunywa maji mengi usiku ule hakurudishi mwili wote ulivyokuwa. WBC wenyewe wana utaratibu kwa mapambano ya ubingwa wao, siku 30 kabla bondia asizidi asilimia 10 juu ya kikomo, siku 7 kabla asizidi asilimia 5. Mpigie hesabu mwanao: kwa kikomo cha kilo 55, wiki ya mwisho anatakiwa awe hajazidi kilo 57.75. Yeye yuko 61, hata ile ya siku 30 hajaifikia.

Kuhusu kule kuanguka bafuni, usisubiri. Mpeleke hospitali wiki hii, wamwangalie damu, figo na moyo, na uwaambie wazi anachofanya, asifiche. Kama kuna pambano limepangwa, liahirishwe.

Na mwalimu wake mwambie hivi, kwa heshima ila bila kurudi nyuma: kijana wa miaka 19 bado anakua. Apigane kilo 61, au mwili ukikubali kwa chakula na mazoezi ya miezi, sio siku, kilo 59. Urefu hautampotea huko juu. Akibisha mwonyeshe pambano la Pacquiao na Medgoen, 1999, ile ngumi ya tumbo. Akiendelea kubisha, mtoe mtoto hapo umtafutie gym nyingine. Uniandikie tena mama, nataka kujua daktari amesema nini.